Kisu cha kukunja cha jadi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ubapa na mpini

Majibu haya yameandikwa kwa mtu wa Nairobi anayetaka kisu kimoja kizuri cha mfukoni akae nacho miaka mingi. Huna haja ya kusoma yote. Tafuta swali lako, na pale jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Misingi

Kisu cha kukunja cha jadi ni kipi hasa?

Ni kisu ambacho ubapa wake hushikiliwa na springi ya mgongoni peke yake, bila kufuli. Kisigino cha ubapa hukalia springi, na ukisukuma mgongo wa ubapa kwa nguvu ya kutosha, springi huachia na kisu kinajifunga. Visu vingi vya Victorinox kutoka Uswisi, vya Case kutoka Marekani na vya Laguiole kutoka Ufaransa ni vya aina hii.

Kuna jamaa zake wa karibu. Kisu cha Opinel, kilichoanzia Savoie nchini Ufaransa mwaka 1890, hakina springi kabisa: ubapa hubanwa na mbao yenyewe, na tangu 1955 kimewekewa pete ya chuma unayoizungusha ili ubapa usicheze. Kisu cha Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la Afrika, na leo hutengenezwa Afrika Kusini.

Ukosefu wa kufuli ndio unaoongoza mengi utakayosoma hapa chini. Kisu hiki ni cha kukata kwa kuvuta makali. Si cha kudunga, si cha kubandulia kifuniko cha rangi, na ukikisukuma kwa ncha kwenye kitu kigumu kitakufungia vidoleni.

Nianze kuchagua ubapa au mpini?

Ubapa. Najua mpini ndio unaoita macho, hasa ule wa mfupa uliotiwa rangi ya kahawia na kuchongwa mitaro. Lakini mpini mzuri juu ya ubapa usiofaa kazi yako huishia kwenye droo. Andika vitu ulivyokata wiki iliyopita, vyote, hata uzi wa shati na paketi ya maziwa. Orodha hiyo itakuchagulia ubapa, kisha mpini utauchagua kwa mkono wako, jasho lako na hali ya hewa ya unakoishi.

Ubapa mmoja unatosha, au nitafute kisu cha bapa mbili au tatu?

Kwa watu wengi wa mjini mmoja unatosha, na wa pili mdogo ni ziada nzuri. Kila ubapa unaoongezwa huunenepesha mpini, huongeza kona za kukusanya uchafu, na wakati mwingine bapa husuguana zikifungwa.

Aina moja ya bapa tatu inastahili heshima yake: ile inayoitwa stokimani, iliyobuniwa kwa wafugaji wa Marekani. Ina ubapa wa klipu, wa shipsifuti na wa spei (tazama maumbo ya ubapa hapa chini), na kila mmoja una kazi yake kwa mnyama. Kama wikendi zako ziko Kajiado au Kitengela kwenye boma, hicho ni kisu chako. Kama ziko Umoja au South B, hutafungua ubapa wa tatu.

## Maumbo ya ubapa

Maumbo makuu ni yapi, na kila moja linafaa nini?

Ncha ya mkuki: mgongo na makali hupinda na kukutana karibu na mstari wa katikati. Ncha ni imara, na makali yana tumbo kidogo, yaani yamepinda kwa nje, la kukatia nyama na matunda. Ubapa mkubwa wa Victorinox ya kawaida una umbo hili. Peni ni mkuki mdogo, ambao zamani ulitumika kuchongea kalamu za manyoya.

Klipu: mgongo umekatwa kuelekea mbele, kwa hiyo ncha ni nyembamba na kali sana. Inafaa kutoa mwiba, kuanzisha tundu kwenye ngozi, kuchuna. Ni nzuri kwa macho pia, na nadhani ndiyo maana wengi huinunua bila kuihitaji. Udhaifu wake ni huohuo wembamba: ukiigeuza bisibisi siku moja tu, ncha inaruka.

Shipsifuti: makali yamenyooka kama rula, na mgongo unashuka ghafla mbele, hivyo ncha kali karibu haipo. Wafugaji walikatia kwato za kondoo, na visu vya mabaharia wa Uingereza vilikuwa na umbo hili kwa sababu chombo kikiyumba, kisu kisicho na ncha hakimchomi mwenzako. Wonklifu ni ndugu yake: makali yaleyale yaliyonyooka, lakini mgongo unashuka polepole hadi kwenye ncha kali. Kwa kuchonga mti na kukata karatasi sijaona linaloishinda wonklifu.

Spei: ubapa mfupi wa tumbo la mviringo na ncha butu. Ulitengenezwa kwa kuhasi mifugo, kazi ambayo ncha kali ni hatari. Nje ya boma hutumika kuchuna ngozi.

Nafungua katoni na marobota siku nzima. Nichukue upi?

Shipsifuti, bila kusita. Unapovuta kisu juu ya katoni, makali yaliyonyooka hubaki yamegusa hadi mwisho wa ubapa, na nguvu yako yote inafika pale unapoitaka. Makali yenye tumbo huteleza na kutoka nje ya mstari.

Kwa muuza mitumba wa Gikomba kuna sababu kubwa zaidi. Robota limebanwa sana, na nguo ya kwanza iko chini ya gunia palepale. Ncha ya klipu inapita kwenye gunia na kuingia kwenye koti ambalo ungeliuza. Shipsifuti hupitishwa chini ya mkanda ikiwa imelala, kisha inageuzwa makali juu na kuvutwa, na hakuna kinachotobolewa.

Faida nyingine huonekana wakati wa kunoa. Katoni ina vumbi na mchanga unaomaliza makali haraka, kwa hiyo utanoa mara kwa mara, na makali yaliyonyooka ndiyo rahisi kuliko yote juu ya kinoo: unaweka ubapa, unashika pembe moja, unasukuma. Hakuna tumbo la kufuatisha.

Na kwa matumizi ya nyumbani: machungwa, maembe, nyama choma?

Ncha ya mkuki, yenye urefu wa sentimita 7 hadi 9. Tumbo lake linazunguka vizuri chini ya ganda la chungwa, na ncha inatosha kutoa jicho la nanasi. Sukuma wiki iachie kisu cha jikoni; kisu cha kukunja hakifiki ubao vizuri kwa sababu vidole vyako vinagonga kwanza.

Mafuta ya nyama huingia kwenye ekseli, yaani pini ambayo ubapa huizunguka, na kuganda. Osha kwa maji ya moto na sabuni ukiwa umekifungua, kaushe vizuri, halafu tia tone moja la mafuta. Usitumie mafuta ya kupikia, kwani hugeuka ulimbo baada ya wiki chache. Kwa kisu kinachogusa chakula, nunua kwenye duka la dawa yale mafuta meupe ya madini yanayouzwa kama dawa ya kulainisha choo. Si mafuta ya taa. Kwa kisu kisichogusa chakula, mafuta ya cherehani yanatosha.

Umbo ndilo linaloamua kisu kikate vizuri?

Hapana, na hili ningependa lisomwe na kila mnunuzi. Wembamba wa ubapa nyuma ya makali huamua zaidi. Opinel namba 8 ina ubapa usiofika milimita 2 kwa unene, na unazidi kuwa mwembamba hadi kwenye makali bila kusimama. Ndiyo maana inapita kwenye nyanya iliyoiva kuliko visu vya bei mara tano yake ambavyo vina mgongo mnene kama patasi.

Ukiwa dukani, elekeza ncha kwenye jicho lako kwa mbali na utazame ubapa kwa mbele. Ukiona pembetatu ndefu na nyembamba, ni dalili njema. Ukiona kitu kinene ambacho makali yake yamechongwa ghafla mwishoni, utanoa sana na kitakata kidogo.

Chuma cha kaboni au kisichoshika kutu?

Cha kaboni hunoleka kwa urahisi na kupata makali laini, lakini chungwa na ndimu hukitia weusi siku ya kwanza. Weusi huo hauna madhara, na ukienea sawasawa hupunguza kasi ya kutu. Kutu nyekundu ndiyo ya kufuta mara moja. Opinel hutoa aina zote mbili kwa umbo lilelile, na Case vilevile ina chuma chake cha kromu na vanadiamu pamoja na kile kisichoshika kutu.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake si ya chumvi, kwa hiyo chuma cha kaboni kinaishi vizuri hapa kikipanguswa. Kama unasafiri Mombasa au Lamu kila mwezi, nunua kisichoshika kutu na usijichoshe.

## Mpini

Mbao, mfupa, pembe, plastiki, chuma: tofauti ni nini mkononi?

Mbao ina joto la kupendeza na haitelezi ikiwa haijapakwa vanishi nzito. Adui yake ni maji. Mpini wa Opinel, ambao kwa kawaida ni wa mti wa bichi, huvimba ukilowa mvua ya Aprili na ubapa hukataa kufunguka. Usiulazimishe, uache mahali pakavu siku nzima, mbali na jiko. Mbao zetu nzito hazisumbui hivyo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake, na hauvimbi kirahisi. Mtamaiyu, mzeituni wa porini, una michirizi ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuiga.

Mfupa wa ng'ombe ni mgumu, hung'aa kadiri unavyoushika, na mitaro iliyochongwa juu yake si urembo tu bali inakupa mshiko. Haupendi kuachwa juu ya dashibodi ya gari mchana. Hukauka, hufanya ufa kuanzia kwenye ribiti, yaani pini zinazoshikilia mpini, na ufa huo haurudi.

Pembe ya ng'ombe au nyati wa kufugwa ni nzuri sana ikisuguliwa, lakini ni kitu cha asili ya kucha na nywele: hupinda hewa ikibadilika, huachana matabaka, na wadudu wanaokula sufi huila pia. Paka mafuta kidogo mara kwa mara, na usiifungie kabatini mwaka mzima bila kuitazama.

Plastiki ya vibao (vipande vya pembeni vya mpini) vyekundu vya Victorinox haina shida na maji, na ikikwaruzika hubadilishwa. Aluminiamu iliyopigwa chapa ya vitone ndiyo imara kuliko zote kwa unene wake, ingawa asubuhi ya Julai ni baridi mkononi. Maikata, yaani matabaka ya kitambaa yaliyoshikanishwa kwa gundi ngumu, hushika vizuri zaidi ikilowa. Haina mvuto wa mfupa, lakini haijui mvua wala jua.

Mikono yangu hutoka jasho. Nichague nini?

Maikata, mfupa wenye mitaro, au mbao isiyo na vanishi. Epuka pembe iliyosuguliwa na shaba ya manjano laini. Shaba pia huacha harufu vidoleni, jambo lisilofaa kama unamenya matunda.

Mimi ni Mwislamu. Mpini wa mfupa una tatizo?

Mfupa wa mnyama anayeliwa aliyechinjwa kisheria hauna tatizo kwa madhehebu yoyote. Tofauti iko kwa mnyama aliyekufa bila kuchinjwa: kwa Mashafii, ambao ndio wengi kwetu, mfupa wake ni najisi, kwa Mahanafi mfupa na pembe ni tohara, isipokuwa vya nguruwe. Kisu cha kiwandani hakikwambii ng'ombe alichinjwaje. Ukitaka kukaa mbali na shaka, chukua mbao, aluminiamu au maikata, au tengenezewa mpini kwa mfupa uliotoka kwenye machinjio unayoijua (tazama swali la kubadilisha mpini). Kwa hali yako mwenyewe muulize sheikh wako.

Nimeonyeshwa kisu chenye mpini wa pembe ya ndovu "ya zamani". Ninunue?

Usinunue, usikibebe, usikubali hata kukiwekea mtu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara za wanyamapori mwaka 1978, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka adhabu nzito kwa anayepatikana na nyara bila kibali. Nchi hii ilichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi mwaka 1989, na tani 105 palepale tarehe 30 Aprili 2016. Maneno ya muuzaji kwamba ni ya tangu ukoloni hayatakusaidia mbele ya afisa. Hali ni hiyohiyo kwa pembe ya kifaru, ya swala na ya mnyama mwingine yeyote wa porini.

Mara nyingi, kwa bahati njema, kinachouzwa kwa jina hilo ni mfupa wa ng'ombe. Tazama kwa kioo cha kukuzia: mfupa una vitone na mistari midogo myeusi, ambayo ni njia za mishipa ya damu. Pembe ya ndovu haina vitone hivyo, na pale ilipokatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Ukiona wavu, rudisha kisu na uondoke.

Mpingo je? Nao umekatazwa?

Kisu chako cha mpingo hapa nyumbani hakina neno. Ila tangu 2017 jamii nzima ya miti ya mpingo iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo anayetaka kupeleka mzigo wa biashara nje aulizie vibali kwanza.

Naweza kubadilishiwa mpini Nairobi?

Ndiyo. Wachongaji wa Gikomba wana vipande vya mpingo na mtamaiyu vilivyobaki kwenye kazi nyingine, mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanajua ribiti kuliko mtu yeyote, na mifupa ipo kwenye machinjio ya Dagoretti. Mfupa uloweke siku kadhaa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo ukibadilisha maji, hadi mafuta yaishe. Ukiuchemsha kwa muda mrefu unakuwa mwepesi kuvunjika.

Mwambie fundi mambo mawili kabla hajagusa kisu. La kwanza, asikipashe moto kulegeza ribiti wala kunoa hadi cheche zitoke, kwa sababu chuma kikigeuka rangi ya samawati kimepoteza ugumu wake. Onyo hili linawahusu pia wanoaji wa baiskeli wanaopita mitaani: omba wachovye ubapa kwenye maji kila baada ya kupitisha mara moja. La pili, avae barakoa. Vumbi la mfupa na la mpingo huumiza mapafu.

Kama ekseli bado iko sawa, badilisha vibao tu na uache springi ilivyo. Kukifungua kisu kizima na kukirudisha kikiwa na mvutano uleule ni kazi ya watu wachache sana.

## Kununua na kubeba

Nitajuaje springi nzuri dukani?

Fungua polepole. Ubapa usicheze kushoto wala kulia, na usimame katikati ya mpini ukifungwa. Inua kisu kwenye mwanga: kati ya springi na bamba za pembeni pasipite mwanga. Sikiliza kinapofunga; mlio mmoja mkavu ni wa springi yenye nguvu. Kisha fanya jambo ambalo wauzaji hawalipendi: kifungue mara kadhaa. Ukucha ukiuma, kitakuuma kila siku, na utaacha kukibeba.

Laguiole ya bei rahisi ni halisi?

Jina hilo ni la kijiji cha Ufaransa na lilitumika kwa muda mrefu na yeyote aliyetaka, hivyo visu vingi vyenye nyuki mgongoni vimetoka China na Pakistani. Vingine vinakata vizuri. Ukaguzi ni uleule wa swali lililotangulia.

Nikikamatwa nacho mjini itakuwaje?

Kifungu cha 88 cha Sheria ya Adhabu kinamhusu anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kwa hiyo nia na mazingira vina uzito. Kisu kidogo kwenye mfuko wa fundi au muuza matunda kina maelezo. Kisu hichohicho kwenye mkutano wa siasa au baa usiku hakina. Usikichukue huko kabisa.

Madukani makubwa utapita kwenye mashine na mkoba utafunguliwa. Mwambie askari kabla hajakiona, na ukiache kwake akikutaka. Hapa shipsifuti inakusaidia tena, kwani kisu kisicho na ncha huonekana kama chombo cha kazi. Kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kiweke kwenye mzigo unaokaguliwa, kamwe si mkononi.

## Hali za pekee

Natumia mkono wa kushoto na siwezi kufungua visu hivi. Nifanye nini?

Mfereji wa ukucha huchongwa upande wa kushoto wa ubapa, kwa ajili ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Tafuta kisu ambacho mgongo wa ubapa unachomoza vya kutosha juu ya mpini, ili uubane kwa vidole viwili bila kutumia mfereji. Opinel hufunguka hivyo, na nyingi za shipsifuti pana pia. Peni ndogo ziepuke.

Nimerithi kisu chenye mpini wa manjano unaonuka kafuri, na ubapa unashika kutu hata nikiufuta. Kwa nini?

Huo yamkini ni mpini wa seluloidi, plastiki ya zamani iliyotengenezwa kwa kafuri na nitroselulosi. Ikizeeka huoza yenyewe, hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo ndio unaokula ubapa. Utaona nyufa ndogo ndani ya mpini na vibao vikisinyaa kutoka kwenye ribiti.

Kitenganishe na visu vingine mara moja, kwa sababu mvuke utavila navyo. Kiweke mahali penye hewa, kikiwa wazi, mbali na jua. Usikipashe moto na usikijaribu kwa kiberiti kama watu wanavyoshauriana, kwani seluloidi huwaka kwa nguvu na haizimiki kirahisi. Kama kisu ni cha thamani kwa familia, mpelekee fundi abadilishe vibao kwa mbao au mfupa, naye aambiwe mapema kwamba seluloidi hiyo isiguswe na mashine ya kusaga.